Mtu na Mkewe: Mabano Yaliyosahaulika ya Azimio la Arusha

Noti ya shilingi elfu moja ndiyo ndogo kuliko noti zote tulizobaki nazo tangu mia tano ilipogeuzwa sarafu mwaka 2014, na kwa sababu hiyo ndiyo inayochakaa mapema. Ukipanda daladala asubuhi utaiona kwenye vidole vya konda, imekunjwa kwa urefu, imebanwa pamoja na wenzake, imelowa jasho na pembe zimeliwa. Upande mmoja ipo sura ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na upande wa pili lipo jengo la Ikulu ya Dar es Salaam. Walioichora huenda hawakuwa na kusudio zaidi ya kupamba, lakini kila nikiishika hunijia fikra kwamba mtu huyu na nyumba ya madaraka yake wamepeana mgongo, na kwamba hakuna namna ya kuwatazama wote wawili kwa mara moja.

Kila mwaka inapokaribia Oktoba 14, siku aliyofariki katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1999, tunamtoa kabatini. Redio hurudia vipande vya hotuba zake, Mwenge wa Uhuru huhitimisha mbio zake, na kila aliyeshika kipaza sauti hutuhimiza kumuenzi Mwalimu. Kitenzi hiki, kuenzi, kimekuwa rahisi mno. Tumemuenzi kwa kuupa jina lake uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, tumemuenzi kwa bwawa la umeme la megawati 2,115 kwenye mto Rufiji, tumemuenzi kwa barabara, shule na bustani, hata mgeni anaweza kudhani kuwa nchi nzima ni kumbukumbu yake. Majina hayana ubaya wowote. Shida ni kwamba jina halimdai mtu kitu, na Nyerere alikuwa mtu wa kudai.

Wanaozungumzia fikra zake leo hugawanyika upesi katika kambi mbili. Wapo wanaotamani ujamaa urudi, na wapo wanaokumbushia foleni za sukari na sabuni kisha wakasema yaliyopita si ndwele. Kambi zote mbili zinabishana juu ya uchumi, na kwa maoni yangu hapo ndipo mjadala unapopotea, kwa kuwa swali la uchumi limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa na historia yenyewe. Agizo la kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi katika kijiji lilitekelezwa kwa nguvu, watu wakahamishwa na kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na mavuno hayakuongezeka kama ilivyotarajiwa. Hakuna chama kikubwa leo kinachoomba kura kwa kuahidi kutaifisha mabenki. Lakini lipo swali jingine ambalo Nyerere alilijibu waziwazi na ambalo taifa limelirudisha mezani bila kulijibu: je, mtu mmoja anaweza kushika madaraka ya umma kwa mkono mmoja na biashara zake kwa mkono mwingine, na wananchi wakaamini kwamba mikono hiyo miwili haijuani?

Jibu lake lilikuwa hapana, na liliandikwa katika sehemu ya tano ya Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa Dar es Salaam Februari 5. Masharti yenyewe ni machache kiasi cha kuandikika nyuma ya bahasha. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari au ya kikabaila, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kisha yakataja wanaohusika: wajumbe wa Halmashauri Kuu, mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika ya umma, madiwani, hadi watumishi wa serikali wa vyeo vya kati. Na mwisho kabisa, ndani ya mabano, kama vile mwandishi aliyekuwa anaweka kalamu chini amekumbuka jambo, ikafafanuliwa kwamba kiongozi anayezungumzwa ni mtu, au mtu na mkewe, au mke na mumewe.

Mabano hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Aliyeyaandika alijua jinsi mali inavyotembea. Alijua kwamba ukimkataza bwana kupangisha nyumba, kesho hati itasomeka jina la bibi, na kwamba ukimkataza bibi kuwa na hisa, hisa zitaamkia kwa bwana. Ahadi za mwana TANU, ambazo CCM ilizirithi, zina kipande kinachofanana na hicho, nacho kimesomwa kwa sauti mara nyingi hata masikio yamekizoea: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Watu hunukuu nusu ya kwanza na kuishia hapo, ilhali uzito wote uko kwenye maneno "wala cha mtu mwingine." Cheo cha mtu mwingine ni cheo cha mume, cha baba, cha shemeji, cha rafiki mliyesoma naye, cha bosi aliyekupigia simu ili zabuni ielekee mahali fulani. Miaka zaidi ya 50 baadaye, wakati ambapo mali zinaandikishwa kwa majina ya watoto, wakwe na kampuni ambazo wamiliki wake halisi ni vigumu kuwajua, sioni sentensi nyingine katika maandiko yetu ya kisiasa iliyoona mbali kuliko mabano yale.

Masharti haya yalikuwa na kisa chake. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam wakiwa na majoho yao kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewataka watumikie miaka miwili na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba maisha yalikuwa bora zaidi wakati wa ukoloni. Nyerere aliwapokea katika viwanja vya Ikulu, akawasikiliza, akakasirika. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na hilo ndilo linalokumbukwa zaidi. Linalostahili kukumbukwa kwa kiwango hichohicho ni kwamba palepale, mbele ya vijana waliomwambia kuwa wakubwa wanalipwa vinono, alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Angeweza kuwafukuza na kwenda kulala. Badala yake aliichukua lawama yao, akaona ina ukweli ndani yake, na miezi mitatu baadaye ikazaa masharti ya kuwafunga walio juu. Wanafunzi waliadhibiwa kwa kusema jambo ambalo kiongozi aliligeuza kuwa sera ya chama. Utata huo unamweleza Nyerere vizuri kuliko sanamu yoyote.

Hapa ndipo sifa zinapopaswa kuacha nafasi kwa uchambuzi, kwa sababu masharti haya, yaani miiko ya uongozi, yalikufa, na yakafa kwa namna ambayo Nyerere mwenyewe ana sehemu yake.

Miiko ilizaliwa na chama, ikalindwa na chama. Zilikuwepo kamati za kusimamia utekelezaji wake, lakini aliyetunga, aliyechunguza na aliyeamua wote walitoka kwenye nyumba moja, hasa baada ya mwaka 1975 ilipothibitishwa rasmi kwamba chama ndicho kinachoshika hatamu. Vyama vya upinzani havikuwepo kisheria tangu 1965. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, iliyotungwa 1962, ilikuwa juu ya kichwa cha kila aliyefikiria kupaza sauti sana. Katika mazingira hayo, ni nani nje ya viongozi wenyewe ambaye angeweza kumwambia kiongozi kwamba amevunja miiko?

Tulipata jibu la swali hilo mapema. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikamkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na udhalimu kwa anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma kifungu hicho, na wakakiamini. Katika kipindi cha miaka miwili iliyofuata migomo ilizuka katika viwanda vya Dar es Salaam, wafanyakazi wakitaja kifungu cha 15 kwa namba yake kama mtu anavyotaja aya, wakiwafungia nje mameneja waliowatukana au kufuja mali. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mwaka 1973 walifika mbali zaidi, wakakishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Mwanzoni wakubwa walitabasamu. Baadaye tabasamu likaisha, polisi wakaitwa, watu wakafukuzwa kazi. Kwa maneno mengine, mara tu miiko ilipotoka mikononi mwa wakubwa na kushikwa na wale iliokusudiwa kuwalinda, ilionekana kuwa fujo. Nadhani kitanzi cha Azimio kilianza kulegea hapo, miaka 18 kabla ya kufunguliwa rasmi.

Kikalegezwa zaidi na njaa. Anayekumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 anakumbuka unga wa njano tulioupachika jina la Yanga, maduka ya kaya, sabuni iliyokatwa vipande, khanga zilizotafutwa kama lulu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina, bei ya mafuta imepanda, mashirika ya umma yanameza fedha kuliko yanavyozalisha, na mshahara wa mtumishi wa serikali haufiki katikati ya mwezi. Watumishi wakaanza kufuga kuku uani, kisha ng'ombe, kisha wakanunua teksi bubu, kila mmoja akawa na "mradi." Msimamizi wa idara aliyesimama jukwaani kueleza ubaya wa kipato cha pili alikuwa ameacha trei za mayai nyumbani zinasubiri mteja. Hatuna haki ya kumcheka. Mwiko unaomtaka mtu aishi kwa mshahara usioweza kumlisha unamfundisha uongo, na watu waliozoea uongo mdogo wa mayai hawapati shida kubwa kuhamia kwenye uongo mkubwa wa mikataba. Yeyote anayetaka kufufua miiko leo lazima aanze na hesabu hii ya mshahara, la sivyo atafufua unafiki.

Basi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar, ilikuta ukuta ambao ulikuwa umebakia rangi tu. Yale tunayoyaita Azimio la Zanzibar yaliruhusu mwanachama na kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni, kupokea zaidi ya mshahara mmoja na kupangisha nyumba. Azimio la Arusha lilitembelewa kwa miguu, vijana wakitoka mikoa ya mbali kuja kuliunga mkono. La Zanzibar halikumpata hata mtu mmoja wa kulitembelea. Nyerere alikuwa ameachia urais 1985 na uenyekiti wa chama 1990. Alikuwa hai, akili timamu, sauti yake ikisikika dunia nzima, na hakuweza kulizuia. Kikao kimoja cha chama kilikuwa kimeweka masharti, na kikao kingine cha chama hichohicho kikayaondoa, bila kura ya mwananchi yeyote, bila Bunge kuchuana, bila mahakama kuulizwa.

Linganisha na jambo jingine alilolifanya karibu na kung'atuka, neno ambalo yeye ndiye aliyetuletea kutoka Kizanaki, likaingia katika Kiswahili kana kwamba limekuwepo siku zote. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yaliingiza haki za binadamu, na yakaweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano kwa Rais. Ali Hassan Mwinyi akaondoka baada ya miaka 10. Benjamin Mkapa akaondoka baada ya miaka 10. Jakaya Kikwete akaondoka baada ya miaka 10. Ushawishi wa kuongeza muda umewahi kusikika, tena zaidi ya mara moja, ukitoka kwa watu wenye sauti kubwa, na kila mara umegonga ukuta. Ukuta huo umesimama kwa sababu Nyerere aliuweka mahali ambapo kikao cha jioni moja hakiwezi kuubomoa kimyakimya. Huyu ni mtu yuleyule, mwenye maadili yaleyale, akiwa na makusudio mawili ya kuwafunga wakubwa: moja aliliacha ndani ya chama likatoweka miaka sita baada ya yeye kutoka Ikulu, jingine aliliandika kwenye Katiba na mpaka leo linapumua. Aliwahi kukiri hadharani kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta kama angependa. Alikuwa akiwaonya watu, lakini pia alikuwa akijisemea, kwa kuwa Katiba hiyo aliishi nayo na kuitumia kwa muda mrefu bila kuipunguza makali.

Baada ya 1991 tulichokipata ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma namba 13 ya mwaka 1995 na Sekretarieti ya kuisimamia. Si sheria ya kupuuzwa. Inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kila mwaka kabla ya Desemba kwisha, pamoja na ya mwenzi wake na watoto wake wadogo, kwa hiyo mabano ya Arusha hayakufutika kabisa. Lakini tofauti ya msingi inaonekana hata kwa asiye mwanasheria. Azimio lilimwambia kiongozi asiwe na mali ya namna fulani, ilhali sheria inamwambia aitaje. Na akishaitaja, fomu inaingia kwenye rejista ambayo mwananchi hawezi kwenda dirishani kuisoma kama anavyosoma gazeti, kwa sababu kuiona kuna masharti yake. Kamishna anayesimamia haya huteuliwa na Rais. Tumetoka kwenye mwiko tukaingia kwenye tamko, na tamko lenyewe tumelifungia kabatini.

Kilichojaza nafasi iliyoachwa wazi kinajulikana kwa majina yake ya mtaani na ya kitabuni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu mgombea kutoa takrima, neno zuri la ukarimu, la kumkaribisha mgeni na kumpa kahawa, likageuzwa kuwa vazi la kisheria la kununua kura. Ikabidi Mahakama Kuu ilivue vazi hilo mwaka 2006 kwa kutamka kwamba linakwenda kinyume cha Katiba. Zikafuata kashfa: fedha zilizochotwa kwenye EPA, akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu, kisha mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond uliomwangusha Waziri Mkuu Februari 2008, kisha fedha za umeme za akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014. Kati ya hizo likazaliwa neno "vijisenti," baada ya mwanasiasa mmoja mzito kuulizwa juu ya akiba yake ya nje ya nchi, akaiita hivyo kwa unyenyekevu uliowachoma watu kuliko kiburi. Katika kura za maoni za kuwateua wagombea wa CCM mwaka 2020, vijana mitandaoni wakacheka kwamba "wajumbe si watu wazuri," kwa kuwa wagombea walilalamika kuwa wajumbe wamekula kwao na kuwapigia kura wengine. Kicheko kile nilikipenda, lakini ukikisikiliza vizuri utagundua kwamba kilichokuwa kinalaumiwa ni mjumbe kutotimiza makubaliano, wala si makubaliano yenyewe.

Mwaka 1995, katika hotuba zake za mwisho zenye uzito, Nyerere alisema Ikulu ni mahali patakatifu na akawaonya Watanzania wamwogope kama ukoma mtu anayemwaga fedha ili afike huko. Tunainukuu hotuba hiyo kila uchaguzi unapokaribia, na anayeinukuu aghalabu humkusudia mpinzani wake.

Yupo atakayesema kwamba dawa ni kumpata Nyerere mwingine. Hoja hiyo imefanyiwa majaribio. John Magufuli aliingia madarakani Novemba 2015, na sherehe yake ya kwanza ya Uhuru, Desemba 9, akaifuta na kuwataka watu wafanye usafi. Akatumbua majipu, akazuia safari za nje, na wengi, mimi nikiwemo, tukaona harufu ya miaka ya 1960. Wakubwa waliogopa kweli. Lakini hofu ile ilikaa ndani ya mtu mmoja. Suala la Katiba mpya alilisema kuwa si kipaumbele chake, na mwaka 2021 alipofariki, hofu ilizikwa naye Chato bila kuacha taasisi hata moja iliyo imara zaidi ya ilivyokuwa alipoikuta. Aliyekuwa akinung'unika kwamba hawezi kufanya biashara na serikali yake akarudi kazini Jumatatu. Ukali wa kiongozi ni sawa na mwenye duka anayekaa mlangoni na fimbo. Siku akilala, duka halina mlango.

Rasimu iliyoandaliwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na kuongoza pia tume ya kuchunguza rushwa mwaka 1996, ndiyo mahali pekee katika miaka ya karibuni ambapo miiko ilisogezwa kuelekea kwenye makazi yake halali. Ilikuwa na sura nzima juu ya maadili na miiko ya uongozi, na katika tunu za taifa ikaweka utu, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Wengi tunaikumbuka rasimu hiyo kwa mapendekezo ya serikali tatu, kwa kuwa ndiyo yaliyovunja Bunge Maalumu vipande viwili mwaka 2014. Bado najiuliza kama muundo wa Muungano ndio pekee uliowatia watu joto, au kama ile sura ya miiko iliyokaa kimya kurasa chache kabla ilikuwa pia na joto lake. Katiba Inayopendekezwa ilikabidhiwa Oktoba 8, 2014, ikiwa imebadilika kiasi ambacho baadhi ya waliokuwa wajumbe wa Tume waliipinga hadharani. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na tarehe nyingine haijawekwa.

Oktoba 29, 2025 tulifanya uchaguzi mwingine, siku 15 baada ya kumaliza kumkumbuka Mwalimu. Kulikuwa na maandamano, intaneti ikazimwa, watu wakafa. Vijana wengi waliokuwa barabarani hawakuwa wamezaliwa alipofariki Nyerere, au walikuwa wachanga, na wanamjua kwa noti ya elfu moja. Kuwatuliza kwa nukuu zake ni kazi bure. Wanaloweza kulielewa upesi, kwa sababu wanaliishi kila siku wakitafuta kazi na zabuni, ni lile swali la mikono miwili.

Hata hivyo nisiyafanye mabano kuwa mepesi, kwani yalimgusa mtu ambaye hakustahili kudharauliwa. Bibi Titi Mohamed alikuwa sauti ya TANU kabla wengi wa wakubwa wa baadaye hawajajua kadi ya chama ina rangi gani. Ndiye aliyewaingiza maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam katika chama wakati wasomi walikuwa bado wanaogopa kupoteza kazi za mkoloni. Mwaka 1967 alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu, na alikuwa na nyumba za kupangisha. Kwa mtu wa pwani, na hasa kwa mwanamke, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, wewe ukikaa chumba cha mbele na wapangaji wengine wote, haikuwa ubepari. Ilikuwa pensheni. Ilikuwa kinga dhidi ya talaka, ujane na uzee, mahali ambapo hakuna mwajiri wala mfuko wa kukutunza. Kiongozi mwenzake aliyetoka bara huenda alikuwa na shamba la kahawa la ukoo, na shamba hilo lilimfanya mkulima, sifa ambayo Azimio liliipa heshima. Kipimo kilikuwa kimoja kwenye karatasi, lakini hakikuwa na uzito mmoja kwa kila bega, na waliokiandika walikuwa zaidi watu wa mishahara na mashamba kuliko watu wa mijini wenye vyumba vya kupangisha. Miiko ya leo, ikiandikwa, itabidi iandikwe na watu wanaojua nani anaishi kwa nini.

Bibi Titi hakuandikisha nyumba zake kwa jina la mpwa. Alijiuzulu Kamati Kuu. Yaliyomkuta baadaye, kukamatwa 1969, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha na kuachiwa 1972, ni kisa kingine chenye maumivu yake. Leo barabara yenye jina lake inapita pembeni mwa Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU Julai 7, 1954. Chama kilimwambia achague, naye akachagua nyumba mchana kweupe, kila mtu akiona, na kiti cha Kamati Kuu kikabaki wazi.